Maswali ya Wasomaji: Utabiri Wako Una Upana Gani?

Barua za mwezi huu zimetoka Mbale, Kampala, Soroti, Arua, Mbarara na Jinja, na karibu zote zinagonga mlango uleule. Programu imetoa utabiri, na pembeni ya utabiri imeweka mipaka miwili, wa chini na wa juu. Mipaka hiyo iaminiwe kiasi gani? Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa baadhi ya maswali yanataka hesabu na mengine yanatosheka na aya chache. Namba za bei na dozi ni za mfano. Weka zako mahali pake.

Ndugu wahariri, ninasimamia ununuzi kwenye mashine ya kusaga posho. Nina bei ya jumla ya kilo moja ya mahindi kwa kila mwezi, miaka minane mizima. Nikiziingiza kwenye R, programu ya takwimu, napata mstari wa utabiri wenye vivuli viwili, cha asilimia 80 na cha asilimia 95. Kwa nini kivuli kinapanuka kadiri kinavyoenda mbele? Na kwa nini nikibadili modeli kinapanuka kwa namna nyingine kabisa? Mkurugenzi wangu anataka namba moja tu. – Mnunuzi, Mbale

Ndugu yetu wa Mbale, tuanze na modeli nyepesi kuliko zote, kwa kuwa unaweza kuihesabu kwa kalamu. Inaitwa mwendo wa nasibu, na inasema bei ya mwezi ujao ni bei ya mwezi huu pamoja na mshtuko usiojulikana. Chukua bei zako, toa ya Januari kwenye ya Februari, ya Februari kwenye ya Machi, hivyo hivyo hadi mwisho. Utabaki na mabadiliko 95. Tafuta mchepuko wastani wake, yaani kipimo cha jinsi mabadiliko hayo yanavyotawanyika. Tuseme umepata shilingi 90, na bei ya leo ni shilingi 1,200.

Wigo ni eneo lote kati ya mpaka wa chini na wa juu, yaani kile kivuli chako; wa asilimia 80 unatarajiwa kushika bei halisi mara 80 kati ya 100. Hupatikana kwa kuzidisha mchepuko huo kwa 1.28, na wa asilimia 95 kwa kuuzidisha kwa 1.96, kisha kujumlisha na kutoa jibu hilo kwenye bei ya leo. Kwa mwezi mmoja mbele, 1.28 mara 90 ni 115, kwa hiyo wigo wako wa asilimia 80 ni kuanzia 1,085 hadi 1,315. Kwa miezi minne mbele kuna mishtuko minne iliyorundikana. Mishtuko hiyo haijumlishwi moja kwa moja, maana mmoja hupandisha na mwingine hushusha. Upana hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miezi. Kipeuo cha 4 ni 2, kwa hiyo mchepuko unakuwa 180 na wigo ni 970 hadi 1,430. Kwa miezi tisa kipeuo ni 3, mchepuko 270, na wigo ni 854 hadi 1,546. Kivuli chako kinapanuka kwa sababu hiyo: kila mwezi unaoongeza ni mshtuko mmoja zaidi ambao hakuna anayeujua.

Sasa badili modeli. Chukua ile inayoamini kwamba bei ikipanda juu ya wastani wake wa muda mrefu itavutwa kurudi, na kila mwezi inabakiza asilimia 80 tu ya umbali iliyokuwa nao. Mshtuko wa mwezi uwe uleule, shilingi 90. Mchepuko wa miezi minne mbele unakuwa 137, na wa miezi tisa 149. Baada ya hapo hauongezeki tena ila kidogo sana. Dari lake ni 150. Linganisha: mwezi wa tisa modeli moja inasema 270, nyingine inasema 149. Takwimu ni zilezile, kelele ya mwezi mmoja ni ileile, lakini upana umekaribia kuwa mara mbili kwa sababu tu ya unachoamini kuhusu bei kurudi au kutorudi kwenye wastani.

Tungependa jambo hili likae kichwani kwa kila anayetumia kivuli hicho. Programu huhesabu wigo kana kwamba modeli uliyoichagua ndiyo ya kweli. Haijumuishi uwezekano kwamba umechagua isiyo yake. Kwa miaka minane ya bei, mara nyingi takwimu zenyewe haziwezi kuamua kati ya modeli hizi mbili, kwa kuwa zote zinaafiki yaliyopita karibu sawasawa na kutofautiana mbele tu. Zikikukwama hivyo, tumia ile yenye wigo mpana kwa maamuzi ambayo kukosea kwake kunauma.

Kitu kingine kwako wewe wa mahindi. Bei hushuka mavuno yanapoingia sokoni na hupanda ghala zinapokauka, kwa hiyo panga mabaki yako (tofauti kati ya bei halisi na kile modeli ilichokisia) kwa miezi. Kama mabaki ya miezi ya kabla ya mavuno yametawanyika kuliko ya miezi ya baada yake, mchepuko mmoja wa mwaka mzima utakudanganya mara mbili: wigo utakuwa mwembamba wakati wa hatari na mnene wakati wa utulivu. Kuchukua logi (logarithimu) ya bei kabla ya kuunda modeli hutibu sehemu ya tatizo, kwa kuwa mshtuko huwa mkubwa bei inapokuwa kubwa. Sehemu inayobaki itibu kwa kutumia michepuko miwili, mmoja wa kila msimu.

Na mkurugenzi anayetaka namba moja, mpe. Mpe ukingo wa juu wa wigo wa asilimia 80 kama namba ya bajeti, na umwambie maana yake: kwa kadiri ya modeli, kuna nafasi moja kati ya kumi kwamba bei itapita hapo. Asilimia 20 zilizobaki nje zimegawanyika, kumi chini na kumi juu, na wewe mnunuzi zinazokuumiza ni zile za juu tu.

Wataalamu wa safu hii, natayarisha tasnifu. Nilificha miezi 24 ya mwisho, nikaitabiri mwezi mmoja mmoja mbele, kisha nikahesabu. Wigo wangu wa asilimia 95 umeshika miezi 17 tu. Msimamizi wangu anasema ni bahati mbaya. Je, ni bahati mbaya? – Mwanafunzi wa takwimu, Kampala

Hapana, dada. Wigo wa asilimia 95 ukiwa wa kweli, kati ya miezi 24 unatarajia kukosa mmoja, pengine miwili. Nafasi ya kukosa minne au zaidi ni kama asilimia 3. Wewe umekosa saba. Wigo wako ni mwembamba, na hauko peke yako: Hyndman na wenzake walipopima mbinu za ulainishaji kielelezo (exponential smoothing, zinazoipa miezi ya karibuni uzito mkubwa kuliko ya zamani) mwaka 2002, wigo ulioandikwa asilimia 95 ulishika kati ya asilimia 71 na 87 tu ya thamani halisi. Wewe umepata 71.

Kuna sababu nne za kawaida, na tunakuomba uzikague kwa mpangilio huu kwa kuwa ya kwanza ndiyo rahisi kuirekebisha.

Kwanza, hakikisha umechapisha wigo unaotakiwa. Kuna mipaka inayoeleza tunajua wastani kwa uhakika gani, na kuna mipaka inayoeleza thamani moja ijayo itaangukia wapi. Ya kwanza husinyaa kadiri unavyoongeza takwimu, hata ikakaribia sifuri. Ya pili haiwezi kusinyaa kupita mshtuko wa mwezi mmoja. Watu wengi huchora ya kwanza wakidhani ni ya pili, hasa wanapotumia rigresheni.

Pili, mabaki. Mchepuko ambao programu inautumia umetoka kwenye takwimu zilezile zilizotumika kufundisha modeli. Modeli imejipinda ili mabaki hayo yawe madogo. Ndiyo kazi yake. Ukiwa na miezi 60 na vigezo vinane (namba ambazo modeli inazikadiria kutoka kwenye takwimu), makosa ya mbele kwa kawaida huwa makubwa kuliko mabaki ya nyuma. Wakati huohuo chora grafu ya uhusiano wa mabaki na mabaki ya miezi iliyotangulia. Kwa mabaki 60, mstari wa tahadhari uko kwenye 0.25 juu na chini. Nguzo ya mwezi wa kwanza au wa kumi na mbili ikichomoza kupita hapo, modeli imeacha kitu mezani, na fomula ya wigo imevunjika kwa sababu inadhani mishtuko haijuani.

Tatu, vigezo vyenyewe vimekadiriwa, lakini fomula za kawaida huvichukua kama vimeandikwa kwenye jiwe. Nne, kama ulijaribu modeli kumi ukachagua iliyokaa vizuri zaidi, uchaguzi huo nao una kosa lake, na halimo kwenye kivuli.

Dawa ya sababu tatu za mwisho kwa pamoja ni kuacha kuuliza modeli inajionaje na kupima inavyokosea. Fanya hivi. Tuseme una miezi 96. Simama mwezi wa 60, jifanye yaliyobaki hayajatokea, unda modeli upya tangu mwanzo, tabiri mwezi wa 61 hadi wa 66, andika makosa sita. Sogea mwezi wa 61, unda upya, tabiri tena. Endelea hadi mwezi wa 90. Utakuwa na makosa 31 kwa kila hatua, ya mwezi mmoja mbele, miwili mbele, hadi sita.

Neno «upya» tumelirudia kwa makusudi. Kila unaposimama, rudia kila kitu: kuchagua kama utachukua logi, kuchagua idadi ya vigezo, kuondoa msimu. Kosa tunaloliona mara kwa mara kwenye tasnifu ni mwanafunzi kuondoa msimu kwa takwimu zote 96 kwanza, halafu ndipo akate. Hapo miezi iliyofichwa imeshachungulia ndani ya modeli kupitia wastani wa msimu, na makosa yatatoka madogo kwa udanganyifu.

Sasa chukua makosa 31 ya hatua ya sita, futa alama za kujumlisha na kutoa, yapange kutoka dogo hadi kubwa. Kwa wigo wa asilimia 80, zidisha 0.8 kwa 32 (idadi pamoja na moja), unapata 25.6, panda hadi 26. Kosa la 26 katika orodha ndilo nusu ya upana wako: utabiri jumlisha hilo, utabiri toa hilo. Hakuna fomula ya kengele hapo (ile inayotoa 1.28 na 1.96), na hakuna dhana kwamba modeli ni ya kweli.

Kwa asilimia 95, zidisha 0.95 kwa 32, ni 30.4, panda hadi 31. Yaani kosa kubwa kuliko yote. Tazama maana yake: wigo wako wa asilimia 95 umetundikwa juu ya mwezi mmoja tu, ule mbaya kupita yote uliowahi kuuona. Ndiyo maana tunawasihi wenye takwimu chache waripoti asilimia 80 na waitetee, kuliko kuripoti 95 ambayo hawana mali ya kuilipia. Tena makosa ya miezi sita mbele hupandiana. Ukisimama Machi na ukisimama Aprili, utabiri wa mara hizo mbili unashiriki miezi mitano ileile. Makosa yako 31 yana habari kama ya makosa matano au sita yasiyojuana. Liandike hilo kwenye tasnifu waziwazi. Mtahini mwema atakuheshimu kwalo.

Ukitaka kulinganisha modeli mbili, usihesabu tu mara ngapi wigo umeshika, maana wigo wa kutoka sifuri hadi milioni hushika daima. Tumia alama ya Winkler ya mwaka 1972. Kwa kila mwezi chukua upana wa wigo. Thamani halisi ikitoka nje, ongeza adhabu: umbali iliyotoka, mara 2, gawanya kwa sehemu uliyokubali kukosa. Kwa wigo wa asilimia 80 sehemu hiyo ni 0.2, kwa hiyo kila shilingi ya nje inagharimu 10. Wastani mdogo ndio bora. Alama hii humwadhibu anayejitanua ovyo na anayejibana ovyo.

Kwenye Excel kuna FORECAST.ETS.CONFINT. Inatosha? – Karani wa sako (chama cha akiba na mikopo), Soroti

Kwa kuanzia, ndiyo. Ipo tangu toleo la 2016, na usipoiambia kitu inakupa asilimia 95. Kumbuka mambo mawili. Inakupa nusu ya upana, kwa hiyo ujumlishe na utoe mwenyewe kwenye jibu la FORECAST.ETS. Na modeli yake ni ya kujumlisha, kwa hiyo mpaka wa chini wa akiba za wanachama unaweza kushuka chini ya sifuri bila aibu. Ipime kwa njia tuliyompa mwanafunzi wa Kampala. Kwa Excel kazi hiyo ni safu kadhaa na saa chache.

Wapendwa, mimi ni mtunza stoo ya dawa. Naagiza dawa za malaria kwa miezi mitatu mitatu. Programu inanipa wigo wa kila mwezi, nami najumlisha mipaka ya juu mitatu ili nipate oda. Mwenzangu anasema nakosea. Pia kwenye kituo kidogo mpaka wa chini unatoka hasi: dozi hasi 12! – Mtunza stoo, Arua

Mwenzako amesema kweli, dada yetu. Tuseme utabiri ni dozi 400, 420 na 380, jumla 1,200, na kila mwezi una mchepuko wa 60. Kwa wigo wa asilimia 80, mpaka wa juu wa kila mwezi ni utabiri jumlisha 77. Ukijumlisha mitatu unapata 1,431. Lakini ili mahitaji yafike huko, inabidi miezi yote mitatu iwe mibaya kwa pamoja. Kama makosa ya miezi hayajuani, mchepuko wa jumla ni 60 mara kipeuo cha pili cha 3, yaani 104, na mpaka wa juu wa jumla ni 1,333. Tofauti ni karibu dozi mia moja zinazokaa rafuni zikisubiri kuisha muda.

Ila usirukie 1,333 pia. Mvua zikikolea na wagonjwa wakapanda mwezi wa kwanza kuliko ulivyodhani, kuna uwezekano mkubwa wa kupanda mwezi wa pili vilevile. Makosa yanajuana, na jibu lako liko mahali kati ya namba hizo mbili. Njia salama ya kulipata ni kuiambia programu itunge njia za mfano. Inaanza na mwezi wa kwanza, inachota baki moja kwa nasibu kutoka kwenye mabaki ya nyuma, inaliongeza kwenye utabiri, inatumia matokeo hayo kutabiri mwezi wa pili, inachota tena, na hivyo hadi wa tatu. Hiyo ni njia moja. Tunga 5,000. Jumlisha miezi mitatu ndani ya kila njia, panga jumla 5,000 kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya 4,500. Hiyo ndiyo oda ambayo kuna nafasi moja kati ya kumi ya kuipita. Mpangilio ni huohuo daima: jumlisha kwanza ndani ya njia, ndipo upange. Ukipanga kila mwezi kwanza kisha ujumlishe, umerudi kwenye kosa la mwanzo.

Kuhusu dozi hasi: fomula ya kawaida haijui kwamba watu hawawezi kurudisha vidonge walivyomeza. Kwa kituo kikubwa chukua logi. Utabiri wa katikati ukiwa 400 na mchepuko kwenye logi 0.4, wigo wa asilimia 80 ni 240 hadi 668. Ona ulivyoinama: chini kuna 160, juu kuna 268. Hivyo ndivyo mahitaji ya dawa yalivyo, hayaendi chini ya sifuri lakini juu yanaweza kuruka. Angalizo moja muhimu: 400 hiyo ni namba ya katikati, nusu ya uwezekano chini yake na nusu juu. Wastani wenyewe uko juu zaidi. Zidisha 400 kwa eksponenti ya nusu ya mraba wa 0.4, unapata kama 433. Ukiwa unajumlisha vituo ishirini ili kupata oda ya wilaya kwa kutumia namba za katikati, utapungukiwa kila robo mwaka na hutajua kwa nini. Jumlisha wastani.

Kwa kituo kidogo, chenye miezi ya sifuri na miezi ya dozi saba, logi haifai kwa kuwa sifuri haina logi. Tumia modeli ya hesabu, ya Poisson, na ikiwa mraba wa mchepuko unazidi wastani kwa mbali, ile ya binomia hasi. Wigo wake hutoka kwa namba nzima na hauvuki sifuri.

Na kabla ya yote hayo, fungua leja. Mwezi ambao dawa iliisha tarehe 11, leja inaandika dozi 150 zilizotolewa. Hayo si mahitaji, ni kiasi kilichokuwepo. Ukiiachia modeli namba hiyo, itajifunza kwamba mahitaji hushuka, itaagiza kidogo, dawa itaisha tena mapema, na leja itathibitisha utabiri. Iache wazi kama haijulikani, au igawanye kwa siku ambazo dawa ilikuwepo na uzidishe kwa siku za mwezi. Tunalisisitiza hili kuliko fomula zote, kwa kuwa upande wa pili wa namba hiyo kuna mtoto mwenye homa aliyerudishwa nyumbani.

Nauza maziwa Mbarara. Nanunua lita moja kwa shilingi 1,600, nauza kwa 2,200. Yakibaki nayagandisha na kuyauza 1,200. Utabiri unasema kesho ni lita 85. Ninunue 85? – Mwenye duka

Hapana, kaka. Lita inayokosekana inakunyima faida ya shilingi 600. Lita inayobaki inakutia hasara ya 400. Gawanya 600 kwa jumla ya zote mbili, 1,000: unapata 0.6. Nunua kiasi ambacho kwa siku kumi, sita kitatosha. Kama hungekuwa unagandisha, yaani yaliyobaki unamwaga, hasara ingekuwa 1,600 na hesabu ingekuwa 600 kwa 2,200, karibu 0.27; hapo ungenunua chini ya 85 na kukubali kuishiwa siku nyingi.

Kuipata hiyo ya 0.6, andika kwenye daftari kila jioni wateja walitaka lita ngapi (pamoja na waliokuta yameisha) na utabiri ulikuwa ngapi. Ukifikisha siku 49, panga tofauti zote (walizotaka toa utabiri) kutoka ile ya chini kabisa hadi ya juu, safari hii bila kufuta alama, na uhesabu hadi ya 30. Kama ni lita 6, nunua 91. Jumapili na siku za soko zipe daftari lake.

Wahariri, tuna nyumba za wageni ufukweni mwa ziwa. Wataalamu walituonyesha utabiri wa kina cha maji wenye mipaka, kisha 2020 maji yakaingia hadi jikoni. Mipaka hiyo ni ya nini basi? Na takwimu za wageni za 2020 na 2021, tuzifute? – Mzee wa Jinja

Mzee wetu, pole kwa hasara hiyo. Mei 2020 kipimo cha Ziwa Victoria pale Jinja kilifika mita 13.42, na rekodi ya kabla yake, mita 13.41, ilikuwa ya Mei 1964. Ziwa lilikuwa limefika pale pale miaka 56 nyuma. Modeli iliyofundishwa kwa miaka ya hivi karibuni haina namna ya kulijua hilo, kwa sababu wigo wake unatokana na mishtuko iliyomo ndani ya takwimu zake tu. Ukiifundisha kwa miaka ya utulivu, itakuandikia utulivu na kukutia mipaka myembamba yenye sura ya kitaalamu. Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Anayetabiri kina cha ziwa hilo bila kuweka miaka hiyo ndani ya takwimu amekata mkia wa hatari kabla ya kuanza.

Kina cha ziwa kina tatizo lake la pekee. Mvua ya mwezi huu haitoki mwezi ujao. Inabaki ndani, inalimbikizwa, na hutoka polepole kwa jua na kwa maji yanayoachiliwa kwenye mabwawa ya Nalubaale na Kiira, uamuzi ambao ni wa binadamu. Kwa hiyo makosa ya utabiri hulimbikizwa pia, kama kwenye ule mwendo wa nasibu wa bei za mahindi, na misimu miwili ya mvua nyingi ikifuatana haifutani. Yeyote atakayekuletea mipaka ya mwaka mmoja mbele iliyo na upana karibu sawa na ya mwezi mmoja mbele, mwombe akuonyeshe makosa yake ya mwaka mmoja mbele aliyoyapima kwa kusimama 1960, 1961, 1997 na 2019.

Kwa ujenzi wa ukuta au kuhamisha jiko, tafuta kiwango cha juu kilichowahi kupimwa Jinja tangu mwanzo wa kumbukumbu, weka nyongeza ya mawimbi ya ufuko wako, na ujenge juu ya hapo. Utabiri wa miezi mitatu utumie kwa mambo ya miezi mitatu: kuhamisha mitumbwi, kuweka magunia ya mchanga, kupokea au kukataa oda ya harusi ya ufukweni.

Takwimu za wageni za 2020 na 2021 usizifute kwenye daftari. Kwa kukadiria msimu, zitoe au uziwekee alama ya pekee ili modeli isidhani kwamba kila Aprili nchi hufungwa. Nchi ilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na shule zilizofungwa mwezi huohuo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Ila ukifanya hivyo, mchepuko utakaobaki ni wa miaka ya kawaida pekee, na wigo utakuwa wa miaka ya kawaida pekee. Uandike hivyo chini ya grafu. Kisha, kando ya grafu, hesabu kwa mkono mwaka mmoja wa kufungwa: mishahara ya miezi mingapi unaweza kulipa wageni wakiwa sifuri, na mkopo wa benki unahitaji vyumba vingapi vijae ili rejesho lisikatike.